Bomba Lilipogongwa, Wote Waliinama

Jua halijatoka, na chumba cha kufulia cha hospitali kimeshajaa mvuke. Msimamizi wa zamu anapita kati ya mashine za pasi, mikono nyuma. Anaona shuka limekunjwa ovyo. Anafungua mdomo, kisha anaufunga.

"Najizuia tu," anasema. "Natamani kupasuka!"

Wafanyakazi wake wamembandika jina la King'ora, na zamani alilifurahia. Alianza humu akikunja mashuka, akapandishwa cheo kwa ukali wake. Kwa miaka tisa aliamini kuongoza ni kufoka mpaka watu waogope kukosea. Kumbe waliogopa kusema.

Mashine zikinguruma humu hamsikilizani. Ndiyo maana lipo bomba la chuma ukutani: likigongwa, kila mtu azime mashine, kuna hatari. Lakini watu walichoka kufokewa. Wakawa wanaligonga kila King'ora anapokuja, wenzao waache kuzubaa wainamie kazi.

Mwezi uliopita, roli la moto la mashine ya pasi lilinasa mkono wa mkunjaji mmoja, mama wa watoto wawili. Mwenzake akagonga bomba kwa nguvu zake zote. Hakuna aliyezima. Wote waliinama, wakajifanya wako bize.

"Mimi nilikuwa stoo!" anasema msimamizi, na sasa sauti imempanda kweli. "Mtu anaungua, wao wananiogopa mimi! Huo ni uongozi au wazimu?"

Meneja alimtaka amfukuze aliyegonga, eti watu wa zamu wanachezea ishara ya hatari.

"Nikamwambia, bosi, anza na mimi. Halafu malizia na wewe, maana kila nilipofoka ulinisifu."

Meneja alinuna. Kizuizi cha kukinga mikono kwenye roli, kilichoombwa tangu mwaka jana, hakijafungwa mpaka leo. Aibu gani hii!

Msimamizi alipokwenda nyumbani kwa majeruhi kuomba radhi, mama mkwe alimzuia mlangoni. "Mwanangu, mgonjwa amelala. Usije ukapiga kelele."

"Hata salamu sikuwa nimetoa," anasema.

Jumatatu mkunjaji anarudi kazini, vidole viwili vimekakamaa. Msimamizi amemwomba aseme yote yaliyo moyoni, mbele ya zamu nzima.

"Akisema nishuke cheo, nashuka. Nitasimama naye mezani, nikunje na sehemu yake." Anajipangusa uso kwa kiganja. "Namwomba Mungu tu asiniambie, 'Hakuna neno, bosi.' Hapo nitajua bado ananiogopa."