Seng'enge ya Kilima cha Mererid

Siku hizi nikisikia mtu anataja "urithi wa taifa", damu inanichemka. Namkumbuka jirani yangu Mererid Prosser na kondoo wake.

Mererid alizaliwa kwenye shamba lile la bondeni, huku kwetu Wales, akazeekea hapohapo: mjane, mbishi, mwepesi wa kukutilia chai. Katikati ya malisho yake kuna kilima cha udongo. Mabwana wa kale walikirundika miaka mia tisa iliyopita wajenge ngome ya mbao juu yake. Ngome ikaoza, udongo ukabaki. Sisi tulikijulia kazi moja tu: mto ukifurika, kondoo hupanda juu. Hakuna anayewaswaga. Jike huwafunza wanawe, nao huwafunza wa kwao, tangu enzi za bibi yake Mererid.

Mwaka juzi akaja ofisa wa mambo ya kale, viatu vinang'aa. Eti kwato zinakibomoa kilima. Wakakizungushia seng'enge.

"Niwekee hata lango, mwanangu," Mererid akamwomba. "Maji yakija watapita wapi?"

"Lango linataka mashimo mawili ya nguzo, mama. Kuchimba hapa ni mpaka kibali."

"Na hizo nguzo zako arobaini umezibandika kwa mate?"

Mererid aliomba kibali Oktoba, akaambiwa asubiri.

Jumapili moja ya Februari, tukiwa kanisani ng'ambo ya mto, maji yakapasua kingo. Daraja likafungwa. Tulisimama pale na vitabu vya nyimbo mikononi, tunaona kila kitu. Kondoo wangeweza kukimbilia barabarani, kulikoinuka. Lakini wapi! Walikwenda kulekule walikofunzwa na mama zao, wakasongamana kwenye waya, wakangoja. Mererid alikuwa akiwaita kwa majina mpaka sauti ikamkauka. Zimamoto waliokoa tisa kwa mashua. Thelathini na mmoja walikufa.

Maji yalipopungua ofisa akaja na kamera, akakizunguka kilima huku akiruka mizoga. "Afadhali," akasema, "hakijaguswa."

Haki ya Mungu, nilitaka kumzaba kofi! Mererid akatoa koleo kwenye koti, akaanza kukata waya.

"Mama, hilo ni kosa la jinai!"

"Basi piga picha. Kamera si unayo?"

Alipomaliza akawaleta wale tisa. Walifika palipokuwa na waya, wakasimama. Akawabembeleza, akawasukuma, akapanda mwenyewe akiwaita kutoka juu.

Mpaka leo hakuna hata mmoja aliyepanda.