Uzi Mgumu Nyuma ya Goti

Mitaa ya juu ya Karatu, mtu akiteguka au mama akijifungua, huitwa Qamara. Kazi ya kukanda aliirithi kwa bibi yake: maji ya moto, mafuta ya kondoo, na kanuni moja asiyoivunja. Ukikuta kigumu, usikiache mpaka kilainike.

Mwaka ule wa korona mdogo wake Piusi, mpakiaji wa vitunguu kule Mang'ola, aliugua mapafu akalazwa, akapona. Alipokuja kwa dada yake alikuwa anaburuta mguu wa kushoto. Shavu la mguu limevimba, lina joto, ngozi inang'aa.

"Magunia hayo," Qamara alisema, akibandika sufuria. "Nilikwambia hukuzaliwa punda."

"Punda hana dada wa kumkanda."

Piusi akacheka, kicheko kikaishia kwenye kikohozi.

Nyuma ya goti vidole vya Qamara vilikuta kitu kama uzi mgumu chini ya ngozi. Akafurahi, ubaya umeonekana. Akachota mafuta, akaanza kuusukuma kwenda juu, taratibu, kwa nguvu. Piusi akang'ata shuka.

Angela, muuguzi aliyepanga chumba cha uani, alipita akitoka zamu. Akasimama mlangoni.

"Mama, huyu si ndiye aliyeugua korona?"

"Alishapona."

"Toa mikono! Mama, toa!"

Alieleza huku akipiga simu kuita gari. Ugonjwa ule huchubua mishipa ya damu kwa ndani. Mtu hupona kikohozi, michubuko ikabaki, na damu ikipita pale huganda. Sindano ya kuzuia donge lisikue ipo; dawa ya kuiponya mishipa yenyewe, wataalamu bado wanaitafuta. Lakini donge likisukumwa likang'oka, hupanda mpaka mapafuni.

"Nimelisukuma," Qamara alisema.

Angela akamlaza Piusi vizuri, akamkataza kuusogeza mguu.

"Dada, malizia basi," Piusi akasihi. "Maumivu yalishaanza kupungua."

Qamara alitamani kugusa tena, ajue tu kama ule uzi bado upo mahali pake. Hakuthubutu.

Ndani ya gari kichwa cha mdogo wake kililala mapajani pake. Mikono yenye mafuta aliiinua juu, mbali naye, kama mtu aliyeshika moto. Walikuwa bado hawajafika barabara ya lami.

"Dada," Piusi alisema, "mbona pumzi haishuki?"