Mwaka Nilipomsamehe Papa Mukubwa

Nilipokuwa mtoto, watu wazima wa ukoo wetu waliniita mama, nami niliona ni sawa tu. Nilikuwa ndoyi wa Koko Veronika, mama yake baba, aliyefariki mimi nikiwa bado tumboni. Nilipewa jina lake, na pamoja na jina nikapewa heshima ambazo sikujua nizifanyie nini. Shangazi Masika, dada yake baba, alikuwa akinisalimia kwa kupiga goti kidogo, halafu hapo hapo ananituma maji. Nilikuwa mama yake mpaka vyombo vichafuke.

Kila vakansi kubwa, shule zikifungwa, tulitoka Ndosho, mtaa wetu wa Goma, tukapanda hadi Kibati, kwenye nyumba aliyoiacha Koko. Ukoo mzima ulijaa pale. Watoto tulilala chini, tumebanana kama samaki wa sambaza kwenye beseni, tukaamka na vumbi jeusi la volkano puani. Nilizipenda siku zile kuliko Noeli.

Mtu mmoja tu hakuingia ndani: Papa Mukubwa, kaka yake baba, dereva wa lori la Butembo. Akifika alishusha viazi na kabichi za kutulisha sote, kisha akarudi kwenye kabina kula mkate na sardini peke yake. Nilidhani madereva wote wanakula hivyo.

Mwaka nilioanza kujua kusoma vizuri, Shangazi Masika alinieleza sababu huku akinisuka nywele.

"Koko alimukataza kwenda barabarani ile siku. Yeye akainuka, akaacha sahani nusu, akawasha motere ya lori. Koko akasema: chakula yangu umeiacha hivi, usiiguse tena. Mbele ya kurudi kwake, Koko akakufa."

Kwetu neno la mzazi aliyekufa bila kulirudisha hubaki limesimama. Papa Mukubwa angekula chochote katika nyumba ile, tumbo lingevimba, na safari inayofuata ingekuwa ya mwisho. Wa kumfungua alikuwa Koko peke yake. Na kwa kuwa Koko hayupo, nilikuwepo mimi.

"Utasema tu: mutoto wangu, nimekusamehe. Basi."

"Lakini mimi sikumukasirikia."

"Si weye. Ni Koko."

"Na Koko ni nani?"

"Ni weye," alisema, akavuta nywele zangu kwa nguvu zaidi. Mpaka kichwa kilipokwisha kusukwa, nilikuwa sielewi kama nimepewa cheo au adhabu.

Mchana wa kesho yake waliniketisha mlangoni kwenye kiti cha Koko, kitenge chake mabegani, bakuli la maji mapajani. Papa Mukubwa alikuja akapiga magoti kwenye mawe, mbele yangu. Mtu mzima, mkubwa, mafuta ya motere kwenye vidole. Alikuwa hathubutu kunitazama usoni. Sikuwahi kuona mkubwa akiogopa, tena akiniogopa mimi, ambaye asubuhi ile nilikuwa nimechapwa kwa kumwaga uji.

Nilifungua kinywa, sentensi ya Shangazi ikawa imenitoka kichwani. Nilitafuta neno lolote la kumwambia mtu aliyefika mlangoni, nikapata lile ambalo mama yangu alimwambia kila mgeni.

"Ulishakula?"

Papa Mukubwa alijifunika uso.

"Siyakula, mama," alisema, akaanza kulia kwa sauti.

Nyuma yangu mtu akanong'ona, "Ni yeye." Shangazi Masika, ambaye ndiye aliyenifundisha maneno mengine kabisa, alikuwa amepiga magoti na yeye. Wakaleta fufu na mboga ya sombe. Papa Mukubwa alikula huku machozi yanamtiririka, na sisi watoto tukaliangalia tumbo lake. Halikuvimba. Mimi nilikuwa nikijishika koo, nikijaribu kujua sauti iliyotoka ilikuwa ya nani, na sikuwa na wa kumuuliza, maana hakuna aliyenitazama tena kama mtoto.

Miaka mingi baadaye, nikiwa na watoto wangu, nilimwambia Papa Mukubwa ukweli: sikuongea na wafu, nilisahau tu. Nilitegemea acheke.

"Ungesema ile maneno ya Masika, singekula," alinijibu. "Mama hakusema 'nimekusamehe' hata siku moja. Akikukasirikia, kesho yake anakuuliza kama ulikula."

Basi nikachanganyikiwa upya. Naweza kusema kila mama wa Goma huuliza hivyo, na ni kweli. Naweza pia kusema kwamba kati ya maneno yote ambayo mtoto aliyeduwaa angeweza kuokota, niliokota lile. Yote mawili yananikalia kichwani na hayasalimiani.

Ila kuna jambo moja linaloniuma, na hilo halihitaji wafu. Papa Mukubwa alikaa miaka yote ile kwenye kabina, hatua chache kutoka mlango wa mama yake, na nyumba imejaa ndugu wanaompenda. Swali lile mtu yeyote angeweza kumuuliza.