Kofia ya Rehema

Jamani, hili huwa silisemi, maana nikilikumbuka natamani ardhi ipasuke inimeze.

Mnajua nalea watoto pale kituoni Bigwa, na kila asubuhi saa mbili huwa tunawatoa waote jua kidogo, mifupa ikomae, halafu tunawarudisha kivulini. Siku hiyo nikasema ngoja niwapige picha ya kutuma kwenye grupu la wazazi. Sasa milima ya Uluguru ilikuwa imejaa ukungu, na mimi (mpenda sifa, niseme tu) nikataka mlima uonekane nyuma, basi tukasubiri, saa tatu, saa nne, ukungu unaondoka kwa madaha, na ulipoisha jua nalo lilikuwa limeshakuwa kali.

Kati yao alikuwepo Rehema, miaka mitatu, ana ualbino. Mama yake humleta na kofia pana na mafuta yake ya kukinga jua, na hachoki kuniambia, "Dada Zuhura, nakuomba, kofia asivue." Mimi nikamvua, eti inaziba sura, nikampaka mafuta ya nazi kama wenzake ili wote wang'ae. Mafuta ya nazi, jamani! Nikapiga, huyu kafumba macho, rudia, yule kageuka, rudia, Rehema akalalamika, "Dada, jua linauma," nikamwambia, "Bado moja tu, mama, cheka." Akacheka.

Nikazituma zote na maneno yangu: "Vitamini ya bure kutoka kwa Mungu." Wazazi wakamwaga makofi, nikavimba kichwa, mpaka mama Rehema akaandika mbele ya wote: "Kofia ya mwanangu iko wapi?" Kwa kiherehere nikazifuta zile picha, kumbe nimezifuta kwenye simu yangu tu, wao wanazo! Nikaandika, "Amevua dakika moja tu, mama." Mama mwingine akajibu, "Mbona picha ziko tisa, na zote hana?"

Mama Rehema alifika kituoni anahema. Uso wa Rehema ulikuwa umeiva, mabega yameanza kutoka malengelenge. Hakunitukana, na heri angenitukana. Alivua khanga yake akamfunika, akasema, "Na mimi nilivyokuwa nakusifu kwa watu."

Kofia waliisahau. Kesho yake nikawapelekea na kuomba radhi, simu mkononi kama kawaida yangu. Rehema alikuwa kalala mkekani, midomo imepasuka. Akaiangalia ile simu.

"Dada, nicheke?"

Nilitoka pale nalia njia nzima. Wallahi, mtoto wa mtu simpigi tena picha, hata mlima ungekuwa wa dhahabu.