Ubani na Injini

Wenzangu wakinusa ubani hukumbuka harusi. Mimi hukumbuka injini.

Gasketi ya pikapu ya baba ilikuwa imeungua, na mama alikuwa mja mzito, mwezi wake umeshaingia. Baba aliifungua injini mwenyewe uani petu Mambrui, akaosha bolti kwa mafuta ya taa na kuzipanga kwenye ungo, na ole wake atakayezigusa. Kosa lilikuwa lake. Siku zote alitia rejeta maji ya kisima chetu, ya chumvi hata sabuni haitoi povu, mpaka njia zikaziba na injini ikachemka.

Adhuhuri alikaza bolti ya mwisho, akachukua ndoo.

"Bwana wee, wenda wapi?" mama akauliza.

"Kuteka maji ya gari."

"Yale yale yaliyoliua?"

Baba akaitua ndoo. Mama akafunua mtungi wake wa maji ya mvua, aliokuwa akiufukiza ubani, ambao sisi watoto tulikatazwa hata kuuchungulia. Akachota kata baada ya kata, akaijaza rejeta.

Injini ikanguruma. Baba akaikodolea macho ekzosi: hapana moshi mweupe, gasketi imeshika. Maji yaliyomwagikia chuma cha moto yakatoa mvuke, na ua mzima ukanukia ubani.

"Alhamdulillahi!" baba akasema, akicheka peke yake.

Mama alikuwa ameshapanda mbele, kikapu cha kanga mapajani.

"Haya, twende hospitali," akasema. "Uchungu umenishika tangu alfajiri."