Mkwe Hashikwi Kiuno

Katika wadi ya akina mama ya hospitali moja ndogo pale Kawangware, Morris Khamala alikuwa na adui mmoja tu: sakafu. Wauguzi wengine walipigana na malaria, kisukari na jamaa wanaoficha chapati chini ya mto wa mgonjwa. Khamala alipigana na sakafu. Mgonjwa akianguka, alisema, sakafu imeshinda, na yeye hakukulia mtaa wa Gatwekera, kwenye matope na mteremko kwa pamoja, ili aje ashindwe na saruji iliyonyooka.

Kwa hiyo alikuwa msumbufu wa kupindukia. Vitanda alivishusha mpaka wagonjwa wakalalamika kwamba wanapumuliana na mende. Wenye kizunguzungu aliwavisha soksi ndefu za manjano za wachezaji mpira, alizozichagua mwenyewe Soko la Toi na kuzipaka madoa ya gundi chini zisiteleze. Wakitolewa nje kuota jua, ungedhani ni timu ya akina nyanya inayomsubiri refa.

"Kengele iko wapi?" angeuliza kila kitanda.

"Hapa, daktari."

"Mkojo ukikubana?"

"Nabonyeza."

"Na ukisikia uko na nguvu kama Samsoni?"

"Nabonyeza tu."

"Safi."

Basi Mungu, ambaye naye hupenda kucheka, akamletea mama mkwe.

Mama huyo alikuwa ametoka Kakamega kuwaona wajukuu wake mtaani Sarang'ombe. Presha ikampanda, dunia ikamzunguka, na Trizah, bintiye, akamkimbiza hospitali siku ambayo Khamala, mumewe Trizah, hakuwa kazini. Daktari akasema mifupa ya mama imekuwa kama biskuti: akianguka nyonga itavunjika, na shamba lake atalisikia kwenye hadithi tu.

Asubuhi yake Khamala akaingia wadini na sinia la dawa, akipiga mluzi. Macho yao yakakutana.

Sasa, kwa watu wao, mama na mume wa bintiye hawashikani mikono, hawali meza moja, na wakikutana njiani mmoja hujitosa kwenye mahindi. Wadini hakuna mahindi. Mama aliruka kutoka kitandani, akayatafuta, akayakosa, akajiviringisha kwenye pazia la dirisha. Khamala naye akarudi kinyumenyume hadi nje, vidonge vikimwagika.

"Mama, usisimame!" akapiga kelele kutoka kwenye korido.

Aliposikia sauti ya mkwe, mama akazidi kusimama.

Ndivyo mzuia-kuanguka mkuu alivyogeuka kuwa hatari kubwa kuliko sakafu yenyewe. Akakimbilia kwa inchaji wa wadi, Sista Wangeci. "Nihamishe wadi ya wanaume."

"Wanaume wana muuguzi wao, Shivachi. Huku ni wewe na mimi, na mimi naingia mkutano."

"Mkutano wa nini tena?"

"Wa kuzuia wagonjwa kuanguka."

Khamala akabaki na ujanja mmoja. Kwenye kitanda cha jirani alilala Waruguru, mwenye ploti mbili hapo Kawangware, ambaye hata wadi aliichukulia kama ploti ya tatu na wagonjwa kama wapangaji wakaidi. Khamala akasimama nyuma ya pazia, akamtumia kama kipaza sauti.

"Mama Waruguru, mwambie jirani yako asishuke peke yake akienda choo."

"Anasema usishuke. Na uache kukoroma."

"Sijasema hivyo!"

"Hiyo ni yangu."

"Mwambie abonyeze kengele."

Mama mkwe akajibu akiutazama ukuta: "Nikibonyeza, atakuja nani?"

Wadi nzima ilijua atakuja nani.

"Mwambie mkwe kengele ni nzuri sana," mama akaendelea. "Inawafaa akina mama ambao binti zao hawajaolewa."

Nyumbani Trizah hakumpa Khamala nafasi ya kupumua. "Mama yangu akivunjika mikononi mwako, Morris, mimi na wewe tutaongea."

"Shida ni kwamba hayuko mikononi mwangu!"

Mchana mmoja Wangeci alikuwa mkutanoni tena, Waruguru amelala mdomo wazi, na mama mkwe alikuwa amekunywa uji vikombe viwili. Khamala, mlangoni, akamwona anavipita vyuma vya kitanda kwa upande wa miguuni, polepole kama mwizi wa asali. Sakafu ilikuwa imepigwa deki sasa hivi, inang'aa kwa furaha. Mama akatia mguu. Akayumba.

Khamala hakukumbuka mila wala babu zake. Aliruka, akamdaka kiuno kwa mikono miwili, kwa nyuma, kama mpakuzi anayeteremsha gunia la mahindi kwenye lori. Mama hakuanguka. Wakasimama hivyo kitambo, kama wachezaji wanaosubiri muziki uanze.

"Wuuui! Mkwe amenishika!"

Waruguru akazinduka. "Nani ameanguka?"

"Hakuna aliyeanguka," Khamala akasema, na hakujua kama ajivunie au atoroke nchi.

Mama akageukia ukuta. Dawa akakataa, uji akakataa. "Nirudisheni nyumbani. Nimeshikwa kiuno, kanisani nitakaa benchi gani?" Presha ikapanda bila dawa, kizunguzungu kikazidi, na sasa hata akikaa tu kitandani alipepesuka.

Trizah akaja na jibu ambalo Khamala alikuwa akilikwepa tangu wapate mtoto wa kwanza. Kwa jamaa za Trizah, mkwe huleta blanketi na kuku, watu hula pamoja mbele ya mzee, mikono inashikana, na kukimbiana kunakwisha. Khamala kila mwaka alisema mambo yakae sawa kwanza.

Safari hii akaleta blanketi na kuku aliyepikwa hadi wadini, wakakalia vitanda saa ya kuona wagonjwa. Shivachi akawa mzee, kwa kuwa ndiye pekee mwenye mvi. Wangeci akaukimbia mkutano kwa harufu tu. Waruguru alinyoosha mkono kwenye firigisi, Trizah akauchapa, firigisi ikaenda kwa mamake.

"Mama, huyu ni mtoto wako," Shivachi akatangaza, mdomo umejaa paja. "Akikushika, ameshika mzazi."

Blanketi likamfunika mama mabegani. Wakapeana mikono, kila mmoja akitazama dari lake. Mama akaimeza firigisi, kisha dawa.

"Mkwe," akaita. Lilikuwa neno lake la kwanza kwake moja kwa moja. "Nataka kwenda choo."

Khamala akamshika kiwiko kwa ncha za vidole, kama mtu anayeipua sufuria bila kitambaa. Hatua chache, mama akasimama, akautazama ule mkono.

"Hicho si kikombe cha chai. Shika kiuno, usije ukaniangusha bure."

Khamala akashika.