Binti wa Mhunzi Aliyehesabu Mababu Zake

Nakumbuka asubuhi moja katika miaka ya tisini, Mwanangu, nilipokuwa kidato cha tatu katika shule ya wasichana hapa Garissa. Mwalimu wetu wa fasihi, Mwalimu Mwende, mama wa Kikamba mwenye sauti ya taratibu, alikuwa akitusomea riwaya kongwe ambayo hata dada zetu wakubwa waliisoma.

Ilikuwa hadithi ya mjane mfinyanzi. Mvua ilipokosekana, kijiji kilisema ukoo wake una nuksi. Wazee wakamhukumu kabla hajafungua mdomo, wakamvunjia vyungu, wakamfukuza. Lakini aliyeniuma mimi ni mwanawe. Kijana huyo alikwenda mjini akabadili jina, na mama alipomfuata, akampita njiani kama hamjui. Darasa zima lililia. Dekha, binti wa mfanyabiashara wa mtaa wa Waberi, alilia mpaka akalowesha ukurasa.

Mimi sikulia. Niliogopa. Mimi ni binti wa mhunzi, Mwanangu. Siku hizi mambo haya ya sisi Wasomali kuwadharau wahunzi hunong'onwa, lakini enzi zile yalisemwa mchana kweupe: ukoo wetu haukuoa wala kuolewa na wengine. Mashoka ya baba yalikuwa katika kila boma, lakini chai ya nyumbani kwake haikunywewa na mtu. Shuleni hakuna aliyejua. Tulikuwa tumehamia kutoka Mandera, nami nilinyamaza.

Wakati wa mapumziko wasichana wakaanza kuhesabu mababu, kama tufanyavyo sisi Wasomali. Kila mmoja anataja baba, babu, baba wa babu, mpaka pumzi imkatikie.

"Haya, Hodan," Dekha akasema, "tuhesabie wako."

Ningeweza kudanganya. Majina ya kuazima yalikuwa tayari ulimini. Nikamkumbuka yule kijana akimpita mama yake, moyo ukakataa. Nikawataja mababu zangu mmoja baada ya mwingine, wahunzi watupu ambao kila Msomali huwajua kwa ukoo, bila kumruka hata mmoja.

Mmoja akavuta kikombe chake mbali nami. "Wallahi, na tumekula naye sahani moja!" Dekha akachukua kitabu tulichokuwa tukisoma pamoja, akahamia dawati la mbele.

Mwalimu aliporudi aliliona pengo kando yangu. Hakukemea. Alinipa kitabu chake mwenyewe akasema, "Hodan, tusomee pale mama anapopitwa."

Sauti yangu ilianza kama ya mgonjwa, ikaja ikakomaa. Nilipomaliza, akauliza, "Nani mkosaji hapa?"

"Kijana!" wakajibu kwa pamoja.

Nikainua mkono. "Kijana alikosea, Mwalimu. Lakini aibu ile alifundishwa na nani? Waliovunja vyungu vya mama walimvunja na mtoto. Na majirani walinyamaza, huku wakipikia vyungu vyake vilivyobaki jikoni mwao." Kisha nikawageukia wenzangu. "Mnamlilia mjane wa kwenye karatasi. Mimi niko hapa, nimekaa peke yangu."

Wakainamia vitabu vyao. Nyani haoni kundule, na akionyeshwa hugeukia pembeni.

Jumamosi ya wazazi ikafika. Baba alikuja na kibuyu cha maziwa ya ngamia, mikono yake myeusi kwa mkaa, akasimama langoni mbali na wazazi wengine. Alidhani ananisitiri. Nikapita katikati ya uwanja nikamshika mkono.

"Aabo, njoo ukae."

"Binti yangu, wenzako wataona."

"Waone."

Nikampeleka hadi kwa Mwalimu. "Huyu ndiye baba yangu. Ni mhunzi."

Baba akanyoosha mgongo. Kwa Kiswahili chake cha sokoni akasema, "Mwalimu, mimi natengeneza shoka na kisu. Hii mtoto, Mungu ametengeneza."

Tulipoketi, Dekha akaja polepole, macho chini. "Salaam aleikum, adeer," akamwamkia, kama mtu anavyomwamkia baba yake mdogo. "Nami naomba maziwa." Akapokea kibuyu, akanywa mbele ya mama yake mzazi, ambaye alikuwa amekodoa macho. Wengine hawakubadilika mpaka tukaachana, nami sikuwangoja. Lakini siku ile nilitembea shuleni kama binti wa sultani.

Mkataa kwao ni mtumwa, Mwanangu. Dhuluma ya watu huumiza, lakini hiyo ya kujidharau mwenyewe ndiyo inayomaliza mtu, maana hata wakikuacha wewe hujiachi. Taja kwenu kwa sauti. Na ukiona mwenzio anahukumiwa kabla ya kuulizwa, nenda ukakae kando yake, hata kama wewe hujaguswa. Machozi ya kitabuni ni mazuri, ila hayamshibishi jirani.

Nenda na radhi zangu. Mola akuzidishie heshima mbele ya watu na unyenyekevu mbele zake, akulinde na jeuri ya wenye nguvu, na zaidi akulinde usije ukawa mmoja wao. Amina.